Kipima Mionzi Kikilia, Uliza Kinalilia Nini

Zimejaa video za mtu kashika kipima mionzi cha mkononi, kakielekeza shambani, kinalia, naye anatangaza kwamba udongo umechafuka. Umechafuliwa na nini? Kifaa kile kinahesabu tu. Hakitofautishi potasiamu-40, iliyomo ardhini tangu dunia ianze, na seziamu-137 iliyotapakaa baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986. Na udongo usio na mionzi haupo: kwa wastani wa dunia, kilo moja ina takriban bekereli 400 za potasiamu-40 (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde), ukiacha uraniamu na thoriamu, ambazo kila moja huwa na makumi kadhaa.

Anayetaka jibu apeleke sampuli maabara, kwenye kigunduzi cha jemaniamu kinachopozwa kwa nitrojeni kimiminika. Pale kila isotopu, yaani kila aina ya atomu yenye mionzi, inajitaja kwa nishati ya miale yake ya gama. Kilele cha grafu kikitokea kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 1461, hiyo ni potasiamu-40. Kwenye 662, ni seziamu-137, na hapo ndipo unaweza kuanza kumsema binadamu.

Lakini mashine ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kabla yake. Udongo unakaushwa, unasagwa, unachekechwa, unafungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, kisha unaachwa wiki tatu hadi nne bila kuguswa. Sababu ni radiamu-226, mzao wa uraniamu. Haipimwi vizuri moja kwa moja, maana nishati ya mwale wake inakaribiana mno na ya ule wa uraniamu-235. Tunapima vizazi vyake, yaani atomu zinazozaliwa ikivunjika: risasi-214 (risasi ile metali) na bismuthi-214. Katikati ya ukoo huo kuna radoni, gesi ambayo nusu-maisha yake, muda wa nusu ya atomu zake kuvunjika, hayafiki siku nne na ambayo hutoroka ikipata upenyo. Ukipima kabla haijatulia, radiamu itaonekana pungufu, na jedwali litapendeza vilevile. Ripoti isiyotaja muda wa kufunga sampuli mimi siiamini, hata iwe na desimali ngapi.

Kwenye mimea ndiko ninakochoka kabisa. Unasoma "bekereli 20 kwa kilo" ya majani. Kilo ya majani mabichi au makavu? Jani lenye maji asilimia 90 likikaushwa, namba inapanda mara kumi bila mionzi kuongezeka hata chembe. Yalioshwa? Vumbi la udongo likibaki juu yake, umepima shamba ukidhani umepima mmea.

Wala udongo wenye seziamu nyingi si lazima utoe mazao yenye seziamu nyingi. Udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania, na mzizi huichukua kwa njia ileile unayochukulia potasiamu, kwa hiyo potasiamu ikiwa tele, seziamu hupata nafasi finyu. Ndiyo sababu mashamba ya mpunga ya Fukushima, Japani, yaliwekewa mbolea ya potasiamu baada ya ajali ya kinu cha nyuklia ya 2011. Namba ya udongo peke yake isingewaonyesha wakulima hilo. Ilibidi udongo na mpunga vipimwe pamoja.

Halafu kuna strontiamu-90, nayo ya kutokana na binadamu, ambayo mmea huichukua kama kalsiamu. Inatoa mionzi ya aina ya beta, haitoi gama ya kushikwa na jemaniamu, hivyo kuipata kunahitaji kuitenganisha kwa kemia, kazi ya siku nyingi na ya gharama. Maabara nyingi huiruka. Sawa, lakini basi zisiandike "hakuna mionzi bandia iliyoonekana". Ziandike kwamba hakuna iliyoonekana miongoni mwa zile zinazotoa gama.