Wezi Arobaini Wamenikalia Sebuleni

Kwanza tuelewane: mimi si mcheza kamari. Karata zangu nacheza peke yangu, mkekani, bila ya senti mezani. Na hivyo hivyo, kwa upole wangu wote, nimewahi kuitoa nusu ya mtaa wetu, Kibokoni hapa Mombasa, vitandani na michi ya vinu mikononi.

Mchezo wenyewe niliupata kwa binamu yangu, mtu wa zamu za usiku bandarini Kilindini. Alinikuta nikijisifu kwa solitea ya kompyuta, ile ya safu saba iliyokuja na Windows tangu 1990, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Akacheka mpaka akakohoa. "Huo wa watoto, yakhe. Hebu nikupe Wezi Arobaini."

Unachukua pakiti mbili za karata, jokeri unazitupa kando, zinabaki 104. Unachanga vizuri. Kisha unapanga safu kumi, kila safu karata nne, zote uso juu. Hao ndio wezi wako arobaini. Zilizobaki, 64, unazishika mkononi. Ree, zile karata za moja, zikitoka unazitenga juu, zote nane, na kila moja unaipandishia aina yake: ree, mbili, tatu, mpaka ghulamu, bibi na mfalme. Ukizimaliza zote, umeshinda.

Rahisi, sivyo? Ngoja. Huku chini kwenye safu unashuka, na unashuka kwa aina ileile tu. Tisa ya pau hukaa juu ya kumi ya pau. Ya shupaza haitaki, ingawa zote nyeusi. Halafu unahamisha karata mojamoja. Hata ukiwa na msururu mzuri umejipanga kutoka mfalme hadi sita, huubebi wote kwa mpigo. Ni kama kuhama nyumba kwa baiskeli. Zile za mkononi unafunua mojamoja, isiyo na pa kukaa inakwenda rundoni, na rundoni unaruhusiwa kuigusa ile ya juu tu. Zikiisha, zimeisha. Hakuna kugeuza rundo ukaanza upya.

Ukatili wake ni kwamba wezi wote unawaona nyuso tangu mwanzo. Ree unaiona ile, imelaliwa na karata tatu, na huna la kuifanya. Dawa ni kumaliza safu nzima upate pengo, maana pengo hukubali karata yoyote. "Pengo usilijaze kwa pupa," binamu alinisisitiza. Mimi pengo nilikuwa nalijaza kabla halijapoa.

Wengine huuita mchezo huu kwa jina la Napoleon na kisiwa cha Saint Helena, alikofungwa tangu 1815 mpaka akafa 1821. Namwelewa sana. Mimi pia nilikuwa kisiwani, mke wangu yuko Malindi kwa mamake, wanaandaa harusi ya mdogo wake, na Jumamosi ile stima ilikatika saa mbili usiku.

Miezi miwili sijashinda hata mara moja. Usiku ule, kwa mwanga wa mshumaa, nilifika nisikowahi kufika. Mkononi zimebaki tatu. Ree ya shupaza, ya mwisho kabisa, imekaliwa na mfalme wa kopa, na pengo sina. Simu ina asilimia nne. Nikapiga picha ya mkeka mzima nikamtumia binamu.

Kabla hajajibu, likaingia swali kwenye kundi la WhatsApp la harusi: mbuzi wawe wangapi? Saa tano usiku, watu wanahesabu mbuzi. Humo ndani kuna wakwe, mashangazi, majirani wa mtaa mzima, mpaka maalimu atakayeozesha. Nikafungua, nikasoma, nikasahau kutoka. Nikabonyeza palepale, na kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa amelala na ukuta wetu ni mmoja, nikanong'ona:

"Yakhe, niokoe. Wezi arobaini hawa wamenimaliza. Nahangaika nao tangu isha. Mfalme wao kakaa mlangoni, hatoki. Nimebakiwa na tatu tu, na njia sina. Fanya haraka, simu yazima."

Ikazima.

Mimi nikarudi kwa wezi wangu. Haukupita muda nikasikia vishindo vya watu wengi chini, halafu ngazi zikaanza kulia. Nikajiambia: lo, wezi! Nikazima mshumaa, nikashika sufuria, nikajibanza nyuma ya mlango.

Mlango ulifunguka kwa bega. Kijana wa kwanza alikanyaga mkeka, mkeka ukateleza naye mpaka ukutani, na karata 104 zikaruka kama kuku waliotishwa. Wa pili akamwangukia. Nyuma yao mama wa chini, kakamata mbuzi ya kukunia nazi kwa mikono miwili, na nyuma yake muuza kahawa wa barazani, mdila wake bado unatoa moshi, tayari kummwagia mtu. Tochi za simu zikanipiga usoni. Mimi na sufuria yangu.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Arobaini!"

Sikuwa na jibu la heshima. Nikaonyesha sakafuni. "Hao hapo."

Kimya. Mama wa chini aliinama, akaokota mfalme wa kopa, akamtazama mbele na nyuma. Muuza kahawa akamulika chini ya kabati, akahesabu kidogo kwa midomo, akasema, "Mbona hawa wazidi arobaini?"

"Wote ni mia na nne," nikasema. Hata sijui kwa nini nilimsahihisha.

Mama wa chini akanishika bega. "Mwanangu, mkeo arudi." Akachukua mbuzi yake akashuka. Wengine hawakushuka. Muuza kahawa alisema kahawa imeshabebwa juu ngazi tatu haiwezi kurudi, kila mtu akapewa kikombe, na vikombe ishirini na tatu nikavilipa mimi. Vijana wawili walitaka nipange upya niwaonyeshe. Kumi ya uru sijaiona mpaka leo.

Stima ilirudi alfajiri. Nikaiwasha simu, ikatetemeka mpaka ikaanguka kitandani. Shemeji wa Mtwapa alikuwa ameshatafuta tuktuk. Mashangazi walikuwa wakinisomea dua. Na katikati ya dua, dakika tatu tu baada ya sauti yangu, binamu, asiyetazama yuko kundi gani, alikuwa amenijibu palepale mbele ya watu wote:

"Huyo wa mlangoni mwache kwanza. Kuna mfalme wa pili pale kando. Mpandishe bibi juu yake, kisha ghulamu juu ya bibi. Chumba cha bibi kikibaki kitupu, ndipo huyo wa mlangoni umwingize."

Maalimu alikuwa ametoka kwenye kundi.

Mamamkwe aliandika: "Bibi gani huyo?"

Na chini yake, mke wangu: "Na mimi nauliza."