Fundi, Usikimbilie Kupiga Windows

Mteja akimwendea fundi, awe Barabara ya Sokoine hapa Arusha au karibu na stendi ya Moshi, akaeleza kuwa amefuta mafaili ya mfumo na kompyuta imegoma, mara nyingi huambiwa: "Tupige Windows upya," yaani diski ifomatiwe na Windows iwekwe upya. Napinga. Humo ndani mna bei za safari za wageni wa Julai, au hesabu za kahawa za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Diski ikishafomatiwa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) yenye TRIM, amri inayoiambia diski isafishe sehemu zilizofutwa, mara nyingi hazirudi kabisa.

Kama kompyuta bado inafanya kazi, usiizime. Windows huendelea na kile ilichokwisha kupakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Balaa huja ukiwasha upya. Tazama Recycle Bin, kisha nakili nyaraka zote kwenye diski ya nje kabla ya kurekebisha chochote.

Ndipo ufungue Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi. Humo utatumia zana mbili za Windows za kukarabati mfumo, DISM na sfc. Anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. Mpangilio huu una maana kubwa: sfc huchota mafaili mazima kutoka folda ya WinSxS, ghala la nakala za mafaili ya Windows, na DISM ndiyo inayolikarabati ghala hilo. Anayeanza na sfc wakati ghala nalo limeharibika ataambiwa imeshindikana, naye atakata tamaa mapema mno. DISM hutegemea intaneti, kwa hiyo hakikisha una bando la kutosha.

WinSxS hiyohiyo ndiyo watu huifuta diski C ikijaa, kwa kuwa inaonekana kubwa kupita kiasi. Sehemu ya ukubwa huo si ya kweli: faili moja lililopo pia System32, folda kuu ya mfumo, huhesabiwa mara mbili. Ukitaka nafasi, tumia DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup. Usiifute kwa mkono kamwe.

Ikigoma kuwaka, tengeneza flashi ya Windows ya GB 8 au zaidi kwenye kompyuta nyingine, washa kompyuta iliyogoma kwa flashi hiyo, uchague kukarabati, kisha Command Prompt. Andika notepad, fungua File, Open, uchague All Files. Kutoka kidirisha hicho unaweza kunakili mafolda ya mteja hadi diski ya nje. Mafundi wengi hawaijui njia hii, na inasikitisha. Diski yenye BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa siri, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi upo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe.

Ukiwasha kwa flashi, herufi za diski zinaweza kubadilika. Windows ikionekana kwenye D, amri ni sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows. Laptopu iwe na chaji, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati, uharibifu unaongezeka.

Yote yakishindikana lakini Windows inafunguka, endesha setup kutoka kwenye flashi ukiwa ndani ya Windows, uchague kubakiza mafaili na programu. Isipofunguka, Reset (kuirudisha Windows upya) yenye kubakiza mafaili itaondoa programu zote, basi muulize mteja kwanza kama anayo leseni ya programu yake ya uhasibu.