Sikumwita mama, mdomo ulikuwa umefungwa

Naandika hii saa tano asubuhi na uso bado unanuka bahari. Sikupanga kuandika kitu, ila yule mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele, mnamjua, mwenye spika kubwa na deni la kodi, kashatupia voisi noti kwenye grupu la mtaa, nusu nzima ni kicheko chake tu, na nimewasha data nakuta shemeji yangu wa Morogoro kaniandikia "pole na pweza". Morogoro jamani! Kwa hiyo tulieni niwape yenyewe.

Mdomo wangu ndo ulianza. Juzi tumekaa barazani na huyo huyo mpangaji nikasema filamu za kutisha za zamani ni za kuchekesha watoto, mwaka 1979 mtu kavaa mpira anatembea kwenye korido ndo aniogopeshe mimi, mimi niliyemaliza za siku hizi zote mpaka zile za kuangalia umefunika jicho moja? Jamaa wala hakubishana. Kaingia ndani katoka na flashi. "Alien. Usiku, peke yako, taa umezima. Ukimaliza uje uniambie ulicheka wapi."

Jana saa nne usiku nikafunga mlango, msuli kiunoni, karanga pembeni. Na nilicheka kweli mwanzoni. Kompyuta za chombo chao cha angani zina maandishi ya kijani kama mashine za benki za zamani, watu saba na paka mmoja wamechoka wanadai bonasi, unaweza kudhani ni madereva wa malori wamekwama Tunduma. Karibu saa nzima inaenda hivyo hivyo. Kumbe huo ndo mtego wadau, kile kidude cha sayari nyingine kinapokuja kutoka kifuani mwa mmoja wao pale mezani, katikati ya chakula, we ushawazoea wale watu kama majirani zako wa kugombania maji ya bomba. Karanga nikaziacha hapo.

Halafu likishakua, hawalionyeshi! Hicho ndo kinachomaliza mtu. Za siku hizi dude linasimama katikati ya kioo linageuka kulia kushoto, unalihesabu meno mpaka unalizoea. Huku unapewa mkia, unapewa mate, unapewa kimashine kinalia ti, ti, titi, titititi maana yake linakuja, linatokea wapi hujui. Sehemu zilizobaki nikawa nazijaza mwenyewe kichwani, na kichwa changu kumbe fundi mbaya sana. Ile ya fundi wao anayemtafuta paka gizani, minyororo inaning'inia, maji yanamdondokea usoni na yeye katulia anayafurahia kabisa, niliiangalia nimesimama nyuma ya kiti. Usiniulize kwa nini.

Ikaisha. Nikafunga laptopu. Umeme ukakatika.

Sasa choo chetu kiko mwisho wa ua. Nikajaribu kuvumilia, nikajigeuza hivi, nikajigeuza vile, soda ya jioni ikakataa. Simu asilimia 2, nikawasha tochi, hatua ya tatu ikazima. Nikajipa moyo, ua huu nimekaa miaka minne, naujua hata nikiwa usingizini.

Nisichokijua ni kwamba jirani yetu Mpemba, anayeuza pweza wa kukaanga pale kituoni, wiki iliyopita paka walimlia mzigo. Kwa hiyo jana kaja na pweza wake mkubwa wa kesho, na ili paka wasimfikie kamfunga juu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ua mzima ulikuwa na habari, mimi nilikuwa ndani naangalia filamu.

Natembea. Mkono mmoja mbele, mmoja umeshika msuli. Nikasikia to. Kimya. To. Nikasimama. Tone likanidondokea katikati ya paji la uso, la baridi, zito kidogo, sio maji ya maji. Na mimi badala ya kukimbia nikafanya nini? Nikainua uso juu. Kama yule fundi! Nimetoka kumtukana muda si mrefu, "we mjinga usiangalie juu", na mimi nikaangalia juu, nikapiga na hatua moja mbele.

Kikanivaa.

Naomba mnielewe, sikukigusa, niliingia ndani yake. Mguu mmoja ukapita shavuni, mwingine sikioni, vile vikombe vyake vikashika ngozi viking'anduka vinalia pwa, pwa. Kitu baridi kikanifunika kuanzia nyusi mpaka kidevuni. Nikarudi nyuma kwa nguvu, kamba ikakatika, na mzigo wote ukanishukia kichwani, mguu mmoja wa nyuma ukazunguka shingo ukatulia hapo kama umefika nyumbani. Walioiona wanajua, kile kidude kinachoruka kutoka kwenye yai kinakaa hivyo hivyo, miguu minane usoni, mkia shingoni.

Na kinaingilia mdomoni.

Hilo ndo wazo pekee lililobaki kichwani mwangu. Nikabana mdomo. Sasa jaribu hapo ulipo kupiga ukunga umebana mdomo. Inatoka "MMMMMMH" ya puani, ndefu, na mimi nakimbia nazunguka ua, nikapiga teke beseni la vyombo, nikakumbatia shuka za watu, mtoto wa chumba cha nne akaanza kulia kwamba kuna mtu anachinja mbuzi. Mmoja akaita mwizi. Milango ikafunguka yote, tochi kama kumi usoni, na mbele kabisa Bi Mkubwa mwenye nyumba, kajitanda kanga, kashika mwiko. Na mimi kwa malezi yangu, pweza kichwani, nikasimama wima nikajaribu kumsalimia. Ikatoka "mmkamoo".

"Marahaba mwanangu," akasema taratibu. "Nani kakufanyia hivi?"

Nyuma yake Mpemba anakuja mbio anapiga kelele, "Mwachie! Mwachie pweza wangu huyo!" Anaambiwa nani, mimi au pweza, mpaka leo sijajua.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikavuliwa. Pweza kaingia mchanga na sabuni ya vyombo, nimemlipa 40,000 taslimu, nikaoga ndoo mbili saa saba usiku. Na msuli haukudondoka, nilikuwa na bukta ndani, wale wa grupu mnaoongeza chumvi muache.

Asubuhi jamaa kaja kunipa pole huku kashikilia mbavu. Na kuna kitu kaniambia, nimehakikisha, ni kweli. Ile sehemu kidude kimekufa kimelazwa chali wanakichokonoa, vile vya ndani ni chaza na figo ya kondoo. Ndani ya yai, utumbo wa ng'ombe, na kinachochezacheza mle ndani ni mikono ya mwongozaji mwenyewe, Ridley Scott, kavaa glovu za mpira. Hata lile dude kubwa, aliyevaa ni Mnigeria, Bolaji Badejo, mtu wa zaidi ya mita mbili, walimuona tu baa huko London. Yaani miaka yote hii watu wanatishwa na vitu vya feri na buchani! Ndo maana vinaonekana vimelowa kweli, havijachorwa na kompyuta. Kwa hiyo mimi sikukosea sana, ngozi yangu ilitambua bidhaa.

Turudi kwenye voisi noti. Jamaa anadai nilipiga kelele "mama nakufa" mpaka barabarani wakasikia. Uongo. Nimeshawaeleza hapo juu, mdomo ulikuwa umefungwa, na mtu hawezi kuita mama kwa pua, hiyo hata mahakamani nasimama.

Ila pale Mpemba alipovuta ule mguu wa mwisho shingoni, ukatoka pwaa, mdomo ukafunguka... hapo sikumbuki vizuri. Bi Mkubwa anasema nilimuita yeye.