Pombe na Ubuddha: hiyo "glasi moja tu" mi siikubali

Wabuddha wenzangu wakikaa pamoja ishu ya pombe haikosi, na hakosi mmoja wa kusema "Buddha alikataza kulewa, hakukataza kunywa". Wanashikilia neno moja la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, pamada, yaani kughafilika, kwamba glasi moja kama haikughafilishi basi huna kosa.

Mi sikubaliani kabisa. Ile kanuni ya 5, kati ya kanuni 5 za mwenendo tunazotamka Wabuddha, haijakaa kama amri ya mtu kukukataza, unatamka mwenyewe kwamba najitwalia zoezi la kujiepusha na vileo vinavyoleta kughafilika. Umesema kwa mdomo wako, sasa ukianza kutafuta upenyo unamkwepa nani?

Alafu kuna kisa cha mtawa Sagata, hiki kinanigusa kila nikikisoma. Alimshinda joka la moto, watu wa Kosambi, mji wa India ya kale, wakafurahi mno, kila nyumba ikamwekea pombe, akapita nyumba hadi nyumba anakunywa mpaka akaanguka langoni mwa mji. Watawa wakambeba wakamlaza kichwa kikiwa upande wa Buddha, akajigeuza bila kujitambua, miguu ndo ikamwelekea mwalimu wake. Buddha akawauliza, huyu sasa hivi anaweza kumshinda hata nyoka mdogo wa majini? Hapo ndo watawa wakakatazwa pombe. Na jamani, pale hakukuwa na mtu mbaya, walimpa kwa upendo tu, na kila nyumba ilikuwa ni ile ile "kidogo tu".

Kuna watawa wa Japani waliita sake, ile pombe yao ya mchele, maji ya moto ya hekima. Jina hilo linaniuma, maana Buddha alipomtajia kijana Sigala hasara 6 za ulevi, mojawapo ni kudhoofisha hekima yenyewe. Watibeti wanaoonja tone kwenye ibada zao za siri za tantra hilo naliona ni jambo jingine.

Ila wanaowatenga wanywaji nao wanakosea. Sarakani wa Wasakya, ukoo wa Buddha mwenyewe, alikuwa mnywaji, alipokufa Buddha akasema ameingia kwenye mkondo wa kuelekea nirvana, yaani ukombozi kamili, ndugu zake wakalalamika weee, basi nani atashindwa? Akawajibu kwamba Sarakani aliyatimiza mafunzo wakati wa kufa.

Kuna mwenzetu mmoja bado anakunywa. Tukisoma kanuni zile 4 za mwanzo anasoma nasi kwa sauti, tukifika ya 5 ananyamaza, anainamisha kichwa anatusubiri tumalize. Huyo namheshimu sana.