Mhojiwa ni mimi

Kwanza kabisa: sikuzimia. Anayewaambia nilizimia Muheza ndiye aliyepewa kazi ya kunakili sauti ile, na sauti haionyeshi mtu kalala au kakaa. Nilikaa. Kwenye kigoda.

Kazi yangu mnaijua, mahojiano ya kina na wajane wazee. Kwenye semina, siku 3 nzima, tuliambiwa mhojiwa akilia unyamaze, umpe tishu, umuulize kama mpumzike au muendelee. Mtafiti akilia je? Hilo halikuwemo.

Bibi akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, kinasa sauti kikawashwa, tukaenda vizuri mpaka swali la 9: tangu mzee afariki, siku yako inakwendaje? Akacheka. Akasema akichinja kuku, firigisi bado anaitenga kwenye kibakuli cha marehemu. "Mkono umezoea tu, mjukuu wangu."

Firigisi, jamani. Babu yangu tumemzika Februari, na nyumbani firigisi ilikuwa haiguswi na mtu ila yeye.

Nikainama, najifanya naandika. Chozi la kwanza likadondokea daftari, wino ukatawanyika. Likafuata kamasi. Refu, halina haraka, nalitazama linavyoshuka taratibu kuelekea fomu ya ridhaa, pale pale kwenye dole gumba la bibi. Nikavuta pumzi nilirudishe, ndipo sauti ikanitoka. Si sauti ya mtu mwenye shahada mbili. Ilikuwa ya ndama aliyeachwa zizini. (Mnaocheka nawaona.)

Bibi akavua kanga begani, akanibana pua. "Penga." Nikapenga. "Haya, hali hii ilikuanza lini?" Wallahi, swali langu la 12, na kusoma hajui! "Tupumzike au tuendelee?"

Kumbe majirani wameshasikia. Mmoja kaingia na mkeka kwapani, mwingine anauliza turubai lifungwe upande gani. Bibi akawatokea mlangoni: "Mimi mzima! Anayelia ni mtafiti."

Mengine ni uji, pole na bodaboda. Ile elfu 10 ya fidia ya muda wake alinirudishia nikanywe soda, na fomu ya malipo haina kisanduku cha jambo hilo.

Kinasa sauti je? Sikukizima. Ukurasa wa 6 umeandikwa: "Mtafiti: (analia, dakika 11). Mhojiwa: Penga." Msimamizi wangu kapazungushia duara jekundu, pembeni kaandika: "Data nzuri."