Nyufa za Bath na baraza letu la Bombo

Jumamosi nilipanda treni hadi Bath, hapa Uingereza, kuitazama nyumba ya William Herschel, namba 19 New King Street. Si jumba la kifalme. Imebanana na za majirani, na bustani yake ya nyuma mama angeijaza mboga asubuhi moja. Katika bustani hiyo, usiku wa tarehe 13 Machi 1781, huyu mpiga kinanda wa kanisa aliiona sayari ya Uranus kwa darubini aliyoiunda mwenyewe.

Kilichonikamata ni sakafu ya karakana. Agosti mwaka uleule aliyeyusha shaba na bati apate kioo kikubwa zaidi cha darubini, kioo cha madini. Tanuri likavuja, madini ya moto yakamwagikia mawe, mawe yakapasuka na kuruka vipande, watu wakatimua mbio. Nyufa zipo hadi leo. Nilichuchumaa nikazitazama, jiwe baada ya jiwe. Miaka zaidi ya 240, na hakuna aliyezifunika kwa saruji wala vigae.

Moyo ukanipeleka Bombo, kwetu Uganda.

Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akarudi kutoka vitani Burma na darubini ya macho mawili. Kila Shaaban ikiisha, baada ya Magharibi, watoto wa mtaa tulijaa barazani, yeye kasimama kwenye ngazi ya juu, ile iliyolika pembeni, anatafuta mwezi. Akiuona hasemi neno. Anamwita mtoto mdogo kuliko wote, anamshikia darubini, mtoto ndiye anayepiga kelele. Baraza lile tulilivunja. Leo ni maduka manne ya milango ya chuma, na sahihi yangu ipo kwenye karatasi pamoja na za baba zangu wadogo.

Najua mtakalosema. Kyeyo, hivi vibarua vya ughaibuni, imempanda kichwani, sisi tunahangaika na karo, yeye analilia ngazi. Karo naijua, naituma kila muhula. Na sijasema wazungu wanatushinda akili. Nyumba hii nayo ilishachakaa, mpaka mume na mke wakainunua na kuinusuru, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1981. Watu wawili tu! Sisi ukoo mzima tulikaa kikao, hakuna hata mmoja aliyesema tuache walau ile ngazi. Mimi pia sikusema.

Mwingine ataniuliza babu yangu aligundua nini. Hakugundua sayari. Lakini nendeni Bath mwone wanavyomtunza Caroline, dada yake Herschel, aliyemlisha kakake tonge kwa tonge alipokuwa akisugua kioo saa nyingi bila kuinua mikono. Baadaye, mwaka 1787, mfalme alianza kumlipa Caroline pauni 50 kwa mwaka, na Caroline mwenyewe aligundua jumla ya nyota nane zenye mkia. Hata hivyo kule hawakumbuki nyota zake tu, wanakumbuka na zile tonge.

Na msiniambie nyota ni mambo ya Ulaya. Bath ni mawingu na mvua. Nyota za kusini kabisa hazionekani kule, ndiyo maana John, mwana wa Herschel, aliziorodhesha Afrika Kusini, alikofika mwaka 1834. Bombo iko jirani na ikweta, za kaskazini na za kusini tunaziona zote tukiwa tumelala kwenye mkeka uani. Novemba 2013 jua lilipopatwa, wageni walivuka bahari kuja Pakwach, huko huko Uganda, kulitazama.

Jana usiku nilimpigia shangazi. Darubini ya babu iko kwake, ndani ya sanduku la bati, kioo kimoja kina ukungu. "Mwanangu, fundi mmoja alitaka kuinunua," akaniambia. Nimemwomba asimpe mtu yeyote, wala asiruhusu kile kioo kibadilishwe. Desemba naja.