Dante huzimia mara tatu

Wasomaji wengi wa Divina Commedia, utenzi wa Dante kuhusu safari yake mwenyewe ya Jahanamu, Toharani na Peponi, huishia Jahanamu. Wakimaliza kanto (sura) 34 kati ya 100, kitabu kinarudi kabatini, na wenzao wanaambiwa kwamba Dante alikomaa kimaadili kwa kujifunza kutowahurumia waliohukumiwa. Siikubali hoja hiyo, na ushahidi wa kuipinga uko humo humo motoni.

Wenye hoja hiyo hutaja kanto mbili. Katika ya 5, msafiri, yaani Dante mwenyewe ndani ya utenzi, anamhurumia Francesca, aliyehukumiwa kwa mapenzi haramu na Paolo, hadi anazimia. Katika ya 8, anatamani kumwona Filippo Argenti akizamishwa kwenye tope la kinamasi cha Styx, na kiongozi wake Virgil, mshairi wa kale wa Kirumi, anamkumbatia na kumbusu kwa hilo. Basi amekomaa, wanasema. Mbona katika Kanto ya 13 huruma inamkaba hata hawezi kumuuliza Pier della Vigna, aliyejiua, swali? Mbona katika ya 20 anaegemea jabali akiwalilia watabiri waliogeuzwa vichwa nyuma, mpaka Virgil anamkaripia? Na chini kabisa, kwenye barafu ya wasaliti, anamnyofoa Bocca degli Abati nywele, kisha anamwahidi Alberigo kumwondolea barafu machoni na hatimizi. Huku si kupanda ngazi. Anayumba kati ya machozi na ukatili, na kote anatazama dhambi za watu wengine.

Mimi humpima kwa kuzimia. Safari nzima anaanguka bila fahamu mara tatu. Ya kwanza, ukingoni mwa mto Acheron, ni hofu tu, tuipite. Ya pili ni ile ya Francesca, na hapo isomwe taratibu. Francesca anaanza beti tatu mfululizo kwa neno Amor, na kila mara mtendaji ni Mapenzi: yalimnasa Paolo, yakaninasa mimi, yakatupeleka kwenye kifo kimoja. Baadaye lawama inakiangukia kitabu walichokuwa wakisoma pamoja, na aliyekitunga. Lugha hiyo tamu ni ya mashairi ya mapenzi aliyoyatunga Dante mwenyewe ujanani, ndiyo maana msafiri hana kinga nayo.

Toharani, sehemu ya pili ya utenzi, mlimani ambako roho hutakaswa dhambi daraja kwa daraja, mambo yanageuka, kwa sababu sasa na mwili wake unaguswa. Mlangoni, malaika anamchora herufi P saba, ya neno peccatum (dhambi), kwenye paji la uso kwa ncha ya upanga. Kwenye daraja la wenye kiburi anatembea ameinama sambamba na waliobebeshwa mawe. Akitoka anajisikia mwepesi, anapapasa paji kwa vidole, anakuta P sita. Daraja linalofuata anakiri kwamba wivu haumtishi sana, ila mzigo wa kule chini anausikia tayari ukimlemea. Hata madeni ya Jahanamu yanadaiwa hapa. Aliyefurahia kuteswa kwa Argenti, mtu wa hasira, anaingia moshi wa daraja la hasira, mzito kuliko giza la Jahanamu, akimwegemea Virgil begani kama kipofu. Aliyezimia kwa kisa cha Francesca analazimika, katika Kanto ya 27 ya Toharani, kupita mwenyewe ndani ya moto wa wenye ashiki. Anagoma. Hoja za Virgil hazimsogezi; ni mpaka atajiwe kwamba Beatrice, mpenzi wake wa ujanani aliyekwisha kufariki, yuko ng'ambo.

Wapo wanaofunga hesabu hapo, kwa kuwa baada ya moto ule Virgil anamtawaza kuwa mtawala wa nafsi yake. Wanawahi mno. Katika Kanto ya 30 Virgil ametoweka, na Beatrice anamwita "Dante", mara moja tu jina hilo linapotajwa katika mistari 14,233. Wala hamkaribishi, anamsomea mashtaka. Katika Kanto ya 31 anamtaka akiri kwa kinywa chake, na "ndiyo" yake inatoka hafifu hata inabidi itazamwe midomoni. Halafu anajieleza: vitu vya dunia, na raha zao za uongo, viligeuza hatua zangu mara uso wako ulipofichika. Sikiliza sarufi yake! Bado vitu ndivyo vinavyotenda, kama kwa Francesca. Beatrice anaendelea kumbana, anamwamuru ainue ndevu, na msafiri anang'amua sumu ya neno hilo: mwenye ndevu si mtoto wa kusingizia ujana. Anamtazama, majuto yanamng'ata moyo, anaanguka. Hiyo ndiyo ya tatu, na safari hii hakuna wa kumlilia ila yeye mwenyewe.

Anazindukia katika Lethe, mto wa kusahau dhambi, maji shingoni, akivutwa na Matelda, mwanamke aliyemkuta huko, na kunyweshwa. Kanto mbili baadaye anamwambia Beatrice kwamba hakumbuki kuwahi kumwacha, wala dhamiri haimsuti. Beatrice anatabasamu: leo hii umekunywa Lethe, na kama moshi ni ushahidi wa moto, basi huko kusahau kwako ni ushahidi wa kosa.